Mkanda mmoja wa "tani 5" juu ya mzigo wa tani 4: unatosha au tunajidanganya?

#1 Turubai_Jeusi
Wakuu, salaam. Naomba hili lijibiwe kwa hesabu, mazoea tuyaweke pembeni.

Mzigo: paleti zilizounganishwa kuwa kitu kimoja, kilo 4,000, urefu mita 3, zimezungushiwa nailoni ya kubana hadi chini. Sakafu ya tela ni plywood. Mkanda ni wa upana wa mm 50 wenye racheti, lebo inasema LC 2,500 daN (daN 1 ni nyutoni 10, karibu kilo 1 ya nguvu). Unapita juu ya mzigo na kushikwa pande zote mbili za tela.

Wanaosema mmoja unatosha wanapiga hivi: upande huu 2,500, upande ule 2,500, jumla 5,000. Mzigo ni 4,000. Akiba ipo, twende. Wengine wanasema inatakiwa 12. Kutoka 1 hadi 12 ni mbali mno. Nani anasema kweli?

#2 Utingo Mstaafu
Mmoja?! Huo ni wa kuzuia nailoni isipepee. Naweka kambi hapa.

#3 Mzani
Kosa liko kwenye namba mliyoisoma. Lebo hiyohiyo ina namba nyingine ndogo, STF. Muitafute.

LC ni nguvu ambayo mkanda unaruhusiwa kubeba ukivutwa. STF ni nguvu inayobaki ndani ya mkanda baada ya wewe kuvuta mpini wa racheti kwa mkono na kuuachia. Inapimwa kwa mvuto wa mkono wa 50 daN, ambao umeandikwa SHF kwenye lebo. Racheti nyingi za kawaida za mm 50 zina STF ya karibu 350 daN, zile za mpini mrefu zinafika 500.

Mkanda unaopita juu haushiki mzigo. Unaukandamiza tu kwenye sakafu, halafu msuguano ndio unaozuia kuteleza. Na unaukandamiza kwa STF. LC haihusiki hapo. Kwa hiyo mkanda wako wa "tani 5" unakandamiza kwa 350 upande mmoja na 350 mwingine, tena kama mambo yote yamekaa sawa. Jumla kilo mia saba na kidogo.

#4 Bodi_Ndefu
Mzani asante, ila mzigo wenyewe si una uzito wa kilo 4,000 unaojikandamiza? Mbona hujauhesabu?

#5 Mzani
Nauhesabu sasa. Kiwango cha Ulaya, EN 12195-1 cha mwaka 2010, kinataka mzigo uhimili nguvu ya 0.8 ya uzito wake kwenda mbele (breki ya ghafla), 0.5 kwenda pembeni na 0.5 kwenda nyuma. Msuguano wa nailoni juu ya plywood unachukuliwa 0.3. Kwa hiyo uzito wenyewe unajizuia 0.3, na kwenda mbele inabaki 0.5 isiyo na mwenyewe.

0.5 × 4,000 × 9.81 (inayogeuza kilo kuwa nyutoni, N) = 19,620 N.
Mkanda mmoja uliosimama wima pande zote: 2 × 0.3 × 3,500 N = 2,100 N.
19,620 ÷ 2,100 = 9.34. Zidisha kwa 1.25 ya usalama kwa upande wa mbele = 11.7.

Mikanda 12. Waliosema 12 hawakutunga.

#6 Utingo Mstaafu
Sasa hapo tela lote litakuwa mkanda, mzigo hauonekani 😂

#7 Fundi Tela
Hesabu ya #5 ni sahihi lakini hakuna mtu mwenye akili anayefika kwenye 12. Ukiona jibu limetoka 12, ujue unatakiwa kubadilisha njia ya kufunga, usikimbilie kununua mikanda.

Njia ya kwanza: sukuma mzigo ugusane na ukuta wa mbele wa bodi. Kwa tela lenye bodi ya daraja L (ya kawaida, isiyoimarishwa) chini ya EN 12642, ukuta wa mbele unatakiwa kuhimili 0.4 ya uwezo wa kubeba wa gari, ila isizidi 5,000 daN. Wewe unahitaji 1,962 daN tu kwenda mbele, kwa hiyo ukuta unaimaliza. Inabaki pembeni na nyuma: 0.5 toa 0.3 ni 0.2, unapata mikanda 3.7, zidisha 1.1 ya usalama kwa pande hizo, ni 4.1. Mikanda 5. Neno "ugusane" lichukuliwe kama lilivyo. Ukiacha nafasi ya shibiri moja, mzigo utaikimbia hiyo nafasi kwanza ndipo uupige ukuta, na ukuta haukukadiriwa kwa kupigwa.

Njia ya pili: mpira wa kuzuia kuteleza. Msuguano unapanda hadi 0.6. Rudia hesabu ya mbele: 0.8 toa 0.6 ni 0.2, mara uzito wote kwa N: 0.2 × 39,240 = 7,848. Mkanda mmoja sasa ni 2 × 0.6 × 3,500 = 4,200. Gawa, zidisha 1.25, unapata 2.3. Mikanda 3, bila hata kugusa ukuta wa mbele.

Vipande vya mpira vimekupunguzia mikanda 9. Na pembeni 0.6 ni kubwa kuliko 0.5, hesabu inatoka chini ya sifuri.

#8 MamaShehena
Nyongeza kwa #7. Mpira unafanya kazi pale tu ambapo uzito wote umekaa juu ya mpira. Wengi wanaweka vipande viwili vyembamba katikati, paleti inapinda kidogo, miguu ya pembeni inagusa plywood, na hapo umerudi kwenye 0.3. Chagua unene ambao hata ukibonyea, hakuna mguu unaogusa sakafu. Weka chini ya kila mguu wa paleti. Kama kuna paleti juu ya paleti, mpira uwe na katikati pia, maana ile ya juu haijui kwamba ya chini imetulia.

Na fagia kwanza. Namba za msuguano mnazotaja ni za sakafu iliyofagiliwa. Mchanga, vumbi la saruji au nafaka zilizomwagika ni kama kutandaza gololi. Kwenye barafu au theluji haturuhusiwi kuhesabu zaidi ya 0.2.

#9 Bodi_Ndefu
Kwa hiyo kama pembeni imetoka chini ya sifuri sifungi kitu?

#10 Mzani
Unafunga. Mzigo unaorukaruka barabarani hauna msuguano ule sekunde uko hewani. Maelekezo ya mikanda chini ya EN 12195-2 yanataka angalau jozi moja ya mikanda kwa kufunga kwa kukandamiza, na jozi mbili kwa kufunga mshazari. Mkanda mmoja peke yake katikati una tatizo jingine: mzigo unaweza kuuzunguka.

#11 Kulabu
Mmesahau pembe. Hesabu ya #5 inadhani mkanda umesimama wima. Mzigo ukiwa mfupi wa kimo na mwembamba kuliko tela, mkanda unalala. Pembe ya nyuzi 60 kutoka sakafuni, nguvu ya kukandamiza inabaki 0.87. Nyuzi 30, inabaki nusu. Zile 12 zinakuwa 24. Watu wanavuta racheti mpaka mishipa inasimama, kumbe nguvu nyingi inaenda kubana mzigo kwa pembeni.

Mzigo mfupi usiufunge kwa kukandamiza. Tumia mshazari, kulabu moja kwenye mzigo na nyingine kwenye tela, hapo ndipo LC inafanya kazi yake.

#12 Jongoo Barabarani
Wakuu mbona mnajichosha? Rangi inakwambia kila kitu. Mkanda wa njano tani 3, mwekundu tani 5, bluu tani 8. Nunua bluu, lala usingizi.

#13 MamaShehena
Jongoo, hizo ni rangi za mikanda ya kunyanyulia, ile inayoning'inizwa kwenye winchi. Kiwango chake ni kingine, EN 1492-1. Kwenye mikanda ya kufungia, rangi ya mkanda wenyewe haisemi lolote, mtengenezaji anaweza kuufanya hata wa waridi. Rangi yenye maana ni ya lebo, nayo inataja nyuzi: bluu ni poliesta, kijani ni poliamidi, kahawia ni polipropilini.

Hili si la urembo. Poliesta inastahimili asidi nyingi lakini inaharibiwa na alkali. Poliamidi ni kinyume chake. Ukibeba betri zenye asidi inayovuja kwa mkanda wa lebo ya kijani, au magadi makali kwa ule wa bluu, mkanda unaoza kimyakimya huku ukionekana mzima.

Na mikanda hii mingi imeandikwa wazi kwamba si ya kunyanyulia. Msiigeuze.

#14 Jongoo Barabarani
Sawa mama, nimeelewa. Lakini bluu ni nzuri 😅

#15 Turubai_Jeusi
Shukrani kwa hesabu. Sasa swali la pili, maana limeanza kuchomoza. Kwa nini mkanda uliokazwa hadi mwisho unakutwa umelegea baada ya kilomita chache tu? Racheti haijafunguka, kulabu ziko palepale.

#16 Fundi Tela
Mzigo umekaa. Nailoni inabana, maboksi yanashuka, hewa inatoka. Tazama namba. Mkanda wa poliesta unaruhusiwa kurefuka hadi 7% ukivutwa kwa LC. Wewe umeuvuta 350 kati ya 2,500, yaani 14%, kwa hiyo umerefuka kama 1%. Mkanda wa mita 8 umerefuka sm 8. Mzigo ukishuka sm 2, njia ya mkanda inafupika sm 2 kila upande, jumla 4. Nusu ya nguvu yako imeyeyuka. Umebakiwa na 175.

Makadirio haya ni ya juujuu, urefukaji hauendi kwa mstari ulionyooka kabisa, lakini picha ndiyo hiyo.

#17 Kulabu
Ndiyo maana mkanda "mgumu" usiorefuka si lazima uwe bora kwa mzigo laini. Wenye 4% badala ya 7% ungekuwa umerefuka sm 4.5 hivi, mzigo ukishuka sm 2 umebakiwa na kama 40 daN. Mnyororo ndio kabisa, milimita chache tu unaning'inia. Mnyororo uwe wa mashine na vyuma, maboksi yaachiwe mikanda.

Na usichanganye mnyororo na mkanda kuzuia upande mmoja. Mnyororo utabeba wote peke yake, mkanda unasubiri kurefuka.

#18 Mzani
Napinga kidogo #16, si kwamba ni uongo, ila mzigo wa chuma kisichoshuka hata kidogo nao mikanda yake inalegea. Sababu nyingine ni kona.

Racheti inavuta upande mmoja. Mkanda unapozunguka kona mbili za juu, msuguano unakula nguvu. Tukichukua msuguano wa 0.2 kati ya mkanda na kona, kwa kona mbili za nyuzi 90, nguvu upande wa pili inakuwa 350 gawanya kwa 1.87, yaani 187. Juu ya mzigo ni 256. Gari likianza kutikisika, mkanda unateleza kidogokidogo kwenye kona, upande wa racheti unatoa, upande wa pili unapokea. Ukishika upande wa racheti unasema "umelegea", kumbe umejigawa.

Toleo la 2003 la EN 12195-1 lilihesabu hili waziwazi: racheti ikiwa upande mmoja, badala ya kuzidisha kwa 2 ulizidisha kwa 1.5. Na 350 + 187 ni 537, ambayo ni 1.53 ya 350. Toleo la 2010 likaiondoa na kutumia 2 pamoja na ile 1.25.

#19 Bodi_Ndefu
Kwa hiyo 2010 walilegeza?

#20 Mzani
Wapo wanaosema hivyo mpaka leo, na wapo wanaosema mtikisiko wa safari unasawazisha pande zote kwa hiyo 1.5 ilikuwa kali mno. Mimi naweka kinga za kona za plastiki laini na kupishanisha racheti, moja kushoto, nyingine kulia, halafu nawaacha wagombane.

#21 Utingo Mstaafu
Kupishanisha racheti ni kwenye karatasi. Upande wa barabarani magari yanapita, nani anakwenda kusimama huko kukaza?

#22 MamaShehena
Ndiyo maana unakaza kabla ya kuondoka, uwanjani.

#23 Kinyozi wa Gia
Mnazunguka mbali. Nusu ya mikanda inayolegea imefungwa vibaya kwenye racheti yenyewe. Mpangilio wake:

Fungua racheti hadi ilale bapa. Ingiza ncha ya mkanda kwenye mwanya wa pini ya kati kwa chini, itoke juu, kisha uvute kwa mkono mpaka ulegevu wote uishe. Hapa ndipo watu wanaposhindwa. Wanaacha mita nzima ya ulegevu wakitegemea racheti iimalize, pini inajaa mizunguko sita, mpini haufungi, na tabaka za mkanda zinaendelea kujibana zenyewe njiani. Hiyo ndiyo sm 3 au 4 unayoitafuta.

Mkimaliza kukaza, pini iwe na mizunguko kati ya 2 na 3. Ukipata chini ya mmoja na nusu, mkanda unachomoka. Mkanda uingie katikati ya pini, usiegemee upande mmoja, la sivyo ukingo unakatwa na fremu.

Mwisho, vuta kile kichupuo cha kufungia na ulaze mpini hadi mwisho kabisa ukae kwenye funguo yake. Mpini uliosimama nusu unaonekana umefungwa ukiwa mbali. Haujafungwa.

#24 Jongoo Barabarani
Na ukitia bomba kwenye mpini unapata nguvu zaidi, mizunguko inapungua.

#25 Kinyozi wa Gia
Unapata mpini uliopinda na meno yaliyokatika. Racheti imepimwa kwa mkono, ndiyo maana ya ile 50 daN kwenye lebo. Ukitaka nguvu zaidi chukua ya mpini mrefu inayovutwa kwenda chini: ni rahisi kwa mgongo na STF yake ni 500. Kwa mfano wa Turubai, badala ya 12 zinatoka 9.

#26 Kulabu
Mimi nasema tela lenyewe. Fremu ndefu inajipinda kwenye mashimo, kona moja inapanda nyingine inashuka, mikanda ya nyuma inavutwa na kuachiwa mara elfu. Hata mzigo usiposhuka na racheti ikiwa safi, utalegea. Na kulabu zilizoshikwa nusu, kwa ncha, zinajikalisha vizuri njiani, kila moja inakupa sm 1 ya ulegevu.

#27 Fundi Tela
Ncha ya kulabu isibebe mzigo kamwe. Uzito ukae kwenye tumbo la kulabu. Ikivutwa kwa ncha inafunguka.

Na mnapotaja kushika, muangalie mnashika wapi. Vile vipete vidogo vya kufungia turubai si vya kufungia mzigo. Pete halali za sakafuni kwenye gari la uzito wa jumla unaozidi tani 12 zinapimwa 2,000 daN kila moja chini ya EN 12640. Kwenye kukandamiza haisumbui, unavuta 350 tu. Kwenye mshazari, mkanda wa LC 2,500 kwenye pete ya 2,000 unahesabiwa 2,000.

#28 Mgeni_Njiani
Samahani wakuu, mimi nafuata kanuni za Marekani. Huko jumla ya uwezo wa mikanda inatakiwa ifike nusu ya uzito wa mzigo, basi. Mkanda wa inchi 2 wenye uwezo wa pauni 3,333 ni kama kilo 1,512. Mzigo wa 4,000, nusu ni 2,000, mikanda 2 inamaliza. Na kwa urefu wa hadi futi 10 kiwango cha chini pia ni 2. Nyie 12 mmeitoa wapi?

#29 Mzani
Kanuni za Marekani nazo zina 0.8 mbele na 0.5 pembeni, ni zilezile. Ile nusu ni kigezo cha uwezo wa mkanda, haikuambii unakandamiza kwa kiasi gani. Mikanda 2 yenye STF 350 kwenye nailoni na plywood haizuii 0.8, labda mzigo uwe umegusana na ukuta wa mbele. Ukaguzi utapita. Mzigo nao unaweza kupita, kupitia kabini.

#30 Mgeni_Njiani
Ila takwimu zetu za barabarani hazisemi mizigo yote inaruka. Maana yake kuna akiba mahali fulani ambayo formula yenu haiioni.

#31 Mzani
Ipo. Breki za 0.8 ni nadra. Hilo halinipi ruhusa.

#32 Utingo Mstaafu
Huko kwao wana jambo zuri lakini: kukagua ndani ya maili 50 za kwanza, kisha kila maili 150 au saa 3, au dereva akibadilisha hali yake ya kazi (mfano kutoka kuendesha kwenda mapumziko), lolote litakalotangulia. Hizo 50 za kwanza ndizo zinazomaliza ubishi wa #16 hadi #26. Kaza tena, sababu yoyote iwayo.

#33 Bodi_Ndefu
Na suala la kuupindua mkanda mzunguko mmoja ili usivume kwenye upepo? Wengine wanaukataza kabisa.

#34 Kinyozi wa Gia
Unakatazwa. Maelekezo ya mtengenezaji yanasema usipindwe wala usifungwe fundo. Fundo linaua nusu ya nguvu au zaidi.

#35 Kulabu
Fundo nakubali. Kupindua ni jambo jingine. Mkanda bapa kwenye upepo unapiga kama kiboko kwa saa nyingi, unasagika ukingoni na unalegeza racheti. Pindo moja kwenye sehemu iliyo hewani, mbali na kona na mbali na pini, linatuliza. Linalokatazwa kwa haki ni pindo juu ya kona, pale ukingo mmoja unabeba wote.

#36 Kinyozi wa Gia
Pindo halikai ulipoliacha. Mtikisiko unalisogeza hadi kwenye kona.

#37 Kulabu
Kwenye kinga ya kona yenye mfereji halipiti.

#38 Kinyozi wa Gia
Basi mkaguzi atakuuliza, utamwonyesha mfereji.

#39 MamaShehena
Wakati mnabishana, mkia wa mkanda umefungwa? Uliobaki ukining'inia unaingia kwenye tairi, na tairi linavuta racheti yote. Ukunje, uupitishe chini ya mkanda uliokazwa.

Na kabla ya kufungua mwisho wa safari, zunguka uangalie mzigo umeegemea wapi. Mkanda ule unaweza kuwa ndio pekee unaouzuia usikuangukie.

#40 Turubai_Jeusi
Ninazo kinga, mpira naongeza. Mkanda ukianza kuchakaa unaondolewa lini?

#41 Fundi Tela
Mkato ukingoni unaozidi 10% ya upana, yaani mm 5 kwenye mkanda wa mm 50. Mshono uliofumuka. Sehemu iliyoyeyuka au kukakamaa kwa joto. Kulabu iliyofunguka mdomo au kupasuka. Lebo isiyosomeka: bila lebo hujui LC wala STF, hesabu zote za juu hazina pa kuanzia. Usishone mwenyewe, usiunge kwa fundo.

Mikanda iliyoloana ianikwe kivulini, jua linakula nyuzi. Racheti paka mafuta kidogo kwenye meno na pini tu. Yakifika kwenye mkanda utateleza kwenye pini.

#42 Jongoo Barabarani
Je, mabomba? Yamepangwa piramidi, mikanda juu yake, ya katikati yanachomoka mbele.

#43 Mzani
Kwa sababu mkanda wa juu haugusi ya katikati. Zungusha mkanda ufunge furushi lote kwanza, uyakaze mabomba yenyewe kwa yenyewe, ndipo ulishike furushi kwenye tela. Na mbele pawe na kizuizi kinachofika juu kuliko bomba la juu kabisa. Fungua uzi mwingine wa hilo, ni refu.